Alama za sudire: alama ndogo kwenye mchoro, mzigo mkubwa juu ya kichwa



Kila siku ya kazi unapita chini ya sudire. Ngazi unayopanda asubuhi imeshikwa na sudire. Chombo kikubwa kinachopokea mawe ya shaba kimeungwa kwa sudire. Pete ya chuma ambayo ndoano inashika wakati wa kuinua mota, nayo imeshikwa na sudire. Sudire ndiyo kazi ambayo vitabu vya Kiswahili vinaiita kulehemu: kuyeyusha chuma na kukiunga na chuma kingine mpaka viwe kitu kimoja.

Sisi wote tunamjua fundi wa sudire: kioo cheusi usoni, glavu za ngozi mikononi, cheche kila upande. Lakini kabla yake kuna mtu mwingine ambaye hatumwoni. Huyo ni mchoraji, amekaa katika biro ya michoro. Ni yeye anayeandika kwenye karatasi: hapa sudire ya namna hii, ya ukubwa huu, upande huu. Haandiki kwa maneno mengi. Anaweka alama. Ikiwa alama ni mbaya, au ni nzuri lakini fundi ameisoma vibaya, chuma kitaungwa vibaya, na rangi itafunika kosa. Siku ya mzigo mkubwa, kosa litajionyesha lenyewe, na pengine chini yake atakuwa mtu.

Kwa sababu hiyo ukurasa wa usalama unazungumza leo juu ya michoro. Hatusemi na wachoraji peke yao. Wewe kapita, wewe fundi, wewe unayekagua kazi, jambo hili ni lako vilevile. Chukua kipande cha karatasi na kalamu, na uchore pamoja nasi.

1. Alama ina viungo, kama mwili

Chora mstari mmoja wa kulala. Huo ni mstari mkuu. Kwenye mwisho wake mmoja, chora mshale unaoshuka mpaka pahali ambapo vipande viwili vya chuma vinakutana. Kwenye mwisho wa pili, kama kuna habari ya kuongeza, chora mkia wa panda, kama mkia wa mbayuwayu.

Sasa una mwili. Mshale unasema: ni hapa. Mstari mkuu unabeba alama yenyewe, yaani namna ya sudire. Namba iliyo kushoto ya alama inasema ukubwa. Namba zilizo kulia zinasema urefu. Mkia unabeba mambo mengine, kama vile njia ya kupiga sudire.

Pahali ambapo mshale unaungana na mstari mkuu, unaweza kuona vitu viwili. Duara dogo maana yake: zungusha sudire pande zote. Bendera ndogo maana yake: sudire hii haipigwi katika ateliye, inapigwa pale pale chuma kinapofungwa, juu ya jengo au chini ya ardhi. Tutarudi kwa vitu hivi viwili, kwani vyote viwili vina hatari zake.

2. Namna za alama, na wakati wa kuchagua kila moja

Alama ya kwanza, tena ile inayoonekana mara nyingi kuliko zote, ni pembetatu. Inaonyesha sudire ya kona: chuma kimoja kimesimama juu ya kingine, au tole moja imelala juu ya nyingine, na sudire inajaza kona. Mstari wa pembetatu uliosimama huchorwa upande wa kushoto sikuzote. Sudire hii haitaki kuchonga ukingo, kwa hiyo ni rahisi. Inafaa kwa miguu ya mashini, kwa vyuma vya kukaza tole, kwa ngazi na vizuizi vya kushikia mkono.

Alama ya pili ni mistari miwili midogo iliyosimama sambamba. Maana yake, vyuma viwili vinakutana uso kwa uso, na ukingo haukuchongwa. Hii ni kwa tole nyembamba tu. Ukiitumia kwa tole ya milimita 10 na kupiga upande mmoja, sudire itakaa juu kama rangi, na ndani vyuma havitashikana.

Alama ya tatu ni herufi V. Kingo za vyuma vyote viwili zinachongwa mshazari, sudire inaingia mpaka chini. Ya nne ni nusu ya V: mstari mmoja umesimama, tena kushoto, na mmoja umelala mshazari. Hapa chuma kimoja tu ndicho kinachochongwa, na mshale uliovunjika katikati unakionyesha. Mchoraji akisahau kuuvunja na kuuelekeza mshale huo, fundi atachonga kile kilicho rahisi kwake kukifikia.

Kwa chuma kinene kuna V mbili zinazotazamana, moja juu ya mstari na moja chini, kama herufi X. Ukilinganisha na V moja yenye pembe ile ile, X inakula nusu tu ya chuma cha kujaza. Tena, kwa kuwa joto linaingia pande zote mbili, chuma hakipindi sana. Lakini X inataka fundi aweze kufika pande zote mbili. Ukisahau jambo hilo, umempa mwenzako kazi isiyowezekana, au kazi ya kuingia pahali pabaya.

Kuna alama nyingine: mstatili kwa tundu linalojazwa sudire, duara kwa nukta ya sudire, nusu duara mbili ndogo kwa kuvisha chuma kinacholika, kama meno ya mashini ya kuchimba. Lakini anayejua vizuri pembetatu, mistari miwili, V na nusu V, anaweza kusoma sehemu kubwa ya michoro ya migodi yetu.

3. Juu ya mstari au chini yake?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hata wale waliosoma. Ulimwenguni kuna desturi mbili za kusoma upande wa sudire.

Katika desturi ya Marekani, inayofuata kanuni AWS A2.4, mstari mkuu ni mmoja. Alama ikiwa chini ya mstari, sudire inapigwa upande ule unaoguswa na mshale. Alama ikiwa juu ya mstari, sudire inapigwa upande wa pili.

Katika desturi inayotoka Ulaya, mistari ni miwili: mmoja mzima, na mwingine wa vipande vipande. Alama ikikaa kwenye mstari mzima, sudire ni ya upande wa mshale. Ikikaa kwenye mstari wa vipande, ni ya upande wa pili. Mstari wa vipande unaweza kuchorwa juu au chini ya ule mzima, kwa hiyo juu na chini hapa havisemi kitu. Mwaka 2013 kanuni ya kimataifa ISO 2553 iliweka desturi zote mbili ndani ya kitabu kimoja: ile ya mistari miwili ikaitwa mfumo A, na ile ya mstari mmoja ikaitwa mfumo B.

Ndugu, angalia hatari hii. Fundi aliyezoea mfumo A anapokea mchoro wa mfumo B. Anaona pembetatu imekaa juu ya mstari mzima. Yeye anasoma: upande wa mshale. Mchoraji alitaka: upande wa pili. Sudire itapigwa vizuri, itang'aa, mkaguzi atapima ukubwa wake na kuridhika. Lakini iko upande usiofaa.

Je, upande ni kitu? Ni kitu kikubwa. Weka kitabu kimesimama juu ya meza, ukibandike kwa gundi kwenye kona moja tu ya chini. Kisukume kielekee kwenye gundi: kona ile inabanwa, na mzizi wa gundi, huko chini ya kitabu, unataka kufunguka. Sudire ya kona ya upande mmoja tu ni hivyo. Haipendi kukunjwa kwa namna ya kufungua mzizi wake. Kwa hiyo mchoraji mwenye busara hachagui sudire ya upande mmoja kwa chuma kitakachokunjwa na mzigo. Anaweka pembetatu mbili, moja kila upande. Hapo hata mkanganyiko wa mifumo hauwezi kuleta madhara, kwa sababu pande zote mbili ni sawa.

Katika Katanga jambo hili ni letu kabisa. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na kwa miaka mingi vyuma na michoro vilitoka Ubelgiji. Baadaye walikuja wajenzi na mashini kutoka Marekani, Afrika Kusini, China na nchi nyingine. Leo ateliye moja inaweza kupokea katika juma moja mchoro wa zamani wa Kifaransa na mchoro mpya wa Kiingereza. Usidhani. Tafuta katika kisanduku cha maandishi, kwenye kona ya karatasi, jina la kanuni. Na usiseme tu kwamba mstari wa vipande haupo, basi ni mfumo wa Marekani, kwani hata mfumo A unaweza kuuacha mstari huo wakati sudire ni sawa pande zote mbili. Kama jina la kanuni halikuandikwa, mchoro haujamalizika. Urudishe.

4. Koo na mguu

Sasa ukubwa. Chora sudire ya kona iliyokatwa kama mkate: ni pembetatu. Ile pande mbili zinazogusa vyuma tunaziita miguu. Ule umbali mfupi kutoka kwenye kona ya ndani mpaka kwenye uso wa sudire tunauita koo. Sudire ikizidiwa na mzigo hukatika pahali pembamba, yaani kwenye koo, kama vile mnyama anavyochinjwa.

Katika mfumo A, herufi a kabla ya namba maana yake koo, na herufi z maana yake mguu. Kwa sudire ya kona ya kawaida, koo ni 0.7 ya mguu. Sudire ya z 7 ni karibu sawa na sudire ya a 5. Katika desturi ya Marekani, namba ya sudire ya kona ni mguu, na haina herufi.

Tupige hesabu. Tuseme pete ya kuinulia imeshikwa na sudire mbili za kona, kila moja ya milimita 100. Mchoraji anataka a 5. Eneo linalobeba mzigo ni 2 mara 100 mara 5, yaani milimita mraba 1,000. Tuseme enjinia ameruhusu newtoni 100 kwa kila milimita mraba. Pete itabeba newtoni 100,000, karibu tani 10.

Sasa tuseme herufi a imesahauliwa. Imebaki 5 tupu. Fundi anachukua kipimo chake na kupiga mguu wa milimita 5. Koo lake ni milimita 3.5. Eneo ni 700. Pete itabeba karibu tani 7. Tani 3 zimepotea kwa sababu ya herufi moja. Na yule anayefunga kamba ya chuma hajui chochote. Yeye anasoma kibao kilichoandikwa tani 10.

Wengine watasema: basi tupige kubwa kila mara, tuwe salama. Hapana. Angalia hesabu tena. Sudire ya mguu wa milimita 7 ina eneo la milimita mraba 24.5. Sudire ya mguu wa milimita 10 ina 50. Umeongeza mguu kwa milimita 3, chuma cha kujaza kimekuwa mara mbili. Elektrodi mara mbili, joto mara mbili, na moshi mwingi zaidi kifuani mwa fundi. Chuma kinapinda, na mivutano inabaki ndani yake na kuanzisha nyufa. Sudire nzuri ni ile iliyoagizwa, haizidi wala haipungui.

5. Vipande na nafasi

Mara nyingine hatutaki sudire ya urefu wote. Tunapiga kipande, tunaacha nafasi, tunapiga tena. Hapa pia kuna mtego.

Katika mfumo A, namba zilizo kulia zinasema idadi ya vipande, urefu wa kila kipande, kisha, ndani ya mabano, nafasi iliyo tupu kati ya kipande na kipande. Katika desturi ya Marekani zinaandikwa namba mbili zenye kistari katikati. Ya kwanza ni urefu wa kipande. Ya pili si nafasi tupu: ni umbali kutoka katikati ya kipande kimoja mpaka katikati ya kinachofuata.

Chukua boriti ya mita 3, mchoro wa Marekani, 50-100. Maana yake kipande cha milimita 50 na nafasi tupu ya milimita 50. Utapata vipande 30, yaani milimita 1,500 za sudire. Fundi akisoma 100 kuwa nafasi tupu, atapiga vipande 20 tu, milimita 1,000. Theluthi moja ya nguvu imebaki kwenye karatasi.

6. Alama inaamua mwili wa mtu utakaa wapi

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo mchoraji hulisahau mara nyingi. Unapoweka alama upande wa pili wa mstari, unamtuma mtu upande wa pili wa chuma. Upande wa pili kuna nini?

Fikiri juu ya tangi la asidi katika kiwanda cha hidrometalurgia. Mchoraji anaagiza X kwenye ubavu wake. Kwenye karatasi ni vizuri: chuma kidogo, hakipindi. Lakini kama tangi limekwisha kufungwa juu, X inamtaka mtu aingie ndani kwa tundu dogo na kupiga sudire humo. Ndani, moshi hauna njia ya kutoka. Kama anatumia gesi ya argoni, gesi hiyo haina harufu wala rangi, ni nzito kuliko hewa, inajaza sehemu ya chini na kufukuza oksijeni. Mtu haoni kitu, hasikii kitu. Magoti yanalegea, anaanguka. Mwenzake anaingia mbio kumsaidia, naye anaanguka. Hewa yenye oksijeni chini ya asilimia 19.5 haikubaliki kwa kazi.

Mchoraji ana njia nyingine, na zote zinaandikwa kwa alama. Anaweza kuchagua V inayopigwa yote kutoka nje, safu ya kwanza kwa njia ya TIG, ambayo namba yake katika mkia ni 141, na safu zinazofuata kwa elektrodi, namba 111. Au anaweza kuacha X, lakini aandike kwamba sudire hiyo imalizike kabla ya kifuniko kuwekwa. Asichague kipande cha chuma cha kuegemea kinachobaki ndani, kwa sababu katika ufa mwembamba nyuma yake asidi itakaa na kula chuma polepole.

Vivyo hivyo kwa bendera. Kila bendera unayochora inaondoa kazi katika ateliye, penye kivuli, meza na mashini ya kuvuta moshi, na kuipeleka juu ya jengo au chini mgodini. Bendera moja inataka kamba ya usalama, karatasi ya ruhusa ya kazi ya moto, na mtu wa kulinda moto mwenye chombo cha kuzimia. Ikiwa karibu kuna mkanda wa mpira wa kupitisha mawe, cheche moja iliyojificha inaweza kuuwasha baada ya mafundi kwenda. Mlinzi wa moto akae saa nzima baada ya sudire ya mwisho. Mchoraji, kabla ya kuchora bendera, jiulize: hakuna namna ya kuunga kipande hiki chini, na kukifunga kule juu kwa bulo?

7. Duara lisilo na tundu

Duara la kuzungusha sudire ni rahisi kulichora. Lakini likizunguka kitu chenye uwazi ndani, umefunga hewa, pengine pamoja na maji au mafuta. Hewa iliyofungwa ikipata joto inasukuma. Maji yakigeuka mvuke yanasukuma zaidi sana. Tole ya kiraka iliyoungwa pande zote, boriti yenye uwazi iliyozibwa kila mwisho, roleo la zamani la mkanda: vyote hivyo vimekwisha kupasuka mbele ya mafundi mahali pengi ulimwenguni.

Kwa hiyo mchoraji akichora duara juu ya kitu cha namna hiyo, achore na tundu dogo la kutoa hewa, na aandike litazibwa lini. Na wewe fundi, ukiona duara, gonga kwanza chuma na uulize: ndani kuna nini? Juu ya rimu ya gurudumu ambalo bado lina mpira na upepo, usipige sudire kamwe, hata kama ni nukta moja. Joto linachoma mpira kutoka ndani, na gurudumu linapasuka kama bomu.

8. Namba ya mkia na kifua chako

Namba ndogo ndani ya mkia inatoka katika kanuni ISO 4063. Tumetaja 111, elektrodi ya mkono, na 141, TIG. Kuna pia 135, waya mzima pamoja na gesi inayoshiriki, na 136, waya wenye unga ndani. Kwa mchoraji ni namba ya njia. Kwa daktari ni namba ya moshi. 111 na 136 zinatoa moshi mwingi. 141 inatoa moshi kidogo, lakini mwanga wake ni mkali sana na unazaa gesi ya ozoni.

Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, liliweka moshi wa sudire katika kundi la kwanza, kundi la vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa binadamu. Moshi wa chuma kisichoshika kutu una kromi ya hatari. Elektrodi za kuvisha meno ya mashini nyingi zina manganizi, ambayo kwa miaka inaweza kudhuru mishipa ya fahamu na kuleta mtetemeko wa mikono.

Kuna na jambo la tole iliyopakwa zinki. Fundi anapiga sudire mchana. Jioni, nyumbani, anapata baridi, homa, kichwa na viungo vinauma. Mama wa nyumba anasema: ni malaria. Pengine si malaria, ni homa ya moshi wa zinki. Hupita kwa siku moja au mbili, lakini inaonyesha kwamba kinga haikutosha. Nenda lopitali ya kampuni, upimwe damu, na umweleze daktari kazi uliyofanya siku hiyo. Wala usitegemee maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanashuka tumboni. Moshi uko katika mapafu.

Mchoraji anaweza kusaidia hapa pia. Penye alama ya sudire juu ya chuma cha zinki, aandike: zinki iondolewe kwanza pande zote za kiungo, tena kwa mashini ya kusugua, na siyo kwa moto.

9. Kabla ya kuwasha

Wewe mchoraji, kabla ya kutia sahihi, jibu maswali haya. Nimeandika jina la kanuni? Kila namba ya sudire ya kona ina herufi yake, pahali inapotakiwa? Fundi anaweza kufikisha mkono, elektrodi na macho yake pahali pale? Chuma hiki kitakunjwa upande gani? Bendera hii ni ya lazima?

Wewe fundi, kabla ya kuwasha, jiulize. Mchoro huu ni wa mfumo gani? Namba hii ni koo au mguu? Ni upande wa mshale au upande wa pili? Mkia unasema njia gani, nami ninayo kinga ya moshi wake?

Wewe kapita, fundi akija na swali, usimwambie: «Piga tu, saa inakwenda.» Kuuliza si ujinga. Simu moja kwa biro ya michoro inachukua dakika chache. Kukata sudire mbaya na kuipiga upya kunachukua siku. Na pete ikikatika na mzigo ukiwa hewani, hakuna wa kupiga simu atakayeweza kurudisha kitu.

Tena usiache alama isiyoeleweka irekebishwe kwa mdomo tu. Neno la mdomo linaondoka pamoja na zamu ya asubuhi. Jibu la biro liandikwe kwenye mchoro wenyewe, pamoja na tarehe na sahihi, ili mafundi wa zamu ya usiku walione nao.

Ndugu, ile karatasi uliyochora pamoja nasi, ibandike ukutani katika ateliye yako. Andika chini yake maneno matatu: UPANDE, KOO, KINGA. Mwenzako atakayepita chini ya mzigo kesho hatakuuliza ulisoma nini. Atapita tu, kwa kuwa anakuamini.